Mzee anaumwa tumbo, kidole tumbo kinashukiwa: mkono wa daktari, altrasaundi, skani ya CT au kisu moja kwa moja?

Kijana akishikwa na kidole tumbo, mara nyingi mwenyewe hukupa jibu: uchungu ulianza karibu na kitovu, ukahamia kulia chini, chakula hakitaki, homa imeingia. Mzee wa miaka 75 hukwambia ana chango, au ngiri imemwamkia, au hajapata choo siku ya tatu leo. Ukimgusa paji la uso hana joto. Ukimbonyeza tumbo hashtuki. Hata majibu ya damu yanaweza kurudi mazuri, na huko ndani kidole kimeshatoboka.

Sababu zinajulikana. Umri unaposogea, tundu la kidole tumbo huwa jembamba, ukuta wake husinyaa, na mshipa wa damu unaokilisha, ambao tangu ujanani hauna msaidizi, hukakamaa. Kikiziba, huoza upesi. Kinga ya mwili nayo imepungua ukali, kwa hiyo homa na chembe nyeupe za damu hazipandi ipasavyo. Tena wazee wetu huvumilia siku mbili tatu kabla ya kuwaambia watoto. Ndiyo maana katika tafiti nyingi za wagonjwa waliopita miaka 65, wanaokutwa kidole kimeshapasuka huwa 4 hadi 7 katika kila 10, ilhali kwa vijana ni kama 2.

Tunalinganisha hapa njia nne za kufikia uamuzi. Maneno haya yanamlenga muuguzi au afisa wa kliniki aliye kituo cha Faza au Witu, pwani ya kaskazini ya Kenya, daktari wa zamu Lamu au Malindi, na jamaa anayeambiwa "mpelekeni mbele" naye hajui mbele kuna nini. Hakuna njia inayomfaa kila mzee. Ukiwa mtaa wa pili kutoka hospitali ya Malindi hesabu yako si sawa na ya aliye Kizingitini maji yamekupwa.

Tunavyopima njia hizi

Kila njia tumeiuliza maswali matano. Inaona nini, na inakosea wapi? Kama tatizo si kidole tumbo, je, italiona? Inakula saa ngapi, boti na barabara zikihesabiwa? Inautoza mwili wa mzee nini, yaani figo, moyo na mapafu? Na inamfaa nani?

Kwetu swali la pili ndilo zito kuliko yote. Kwa mtu wa miaka 20 mwenye maumivu kulia chini, orodha ya mashaka ni fupi. Kwa mzee orodha hiyo ni ndefu na inatisha: saratani mwanzoni mwa utumbo mpana, utumbo ulionaswa kwenye ngiri ya paja, mshipa mkuu wa tumbo uliovimba na kuvuja, utumbo uliokosa damu, mawe ya figo (joto letu na kunywa maji kidogo huyazidisha), kifua kikuu cha utumbo, jipu la amiba, nimonia ya chini ya pafu la kulia, hata shtuko la moyo linalojifanya maumivu ya tumbo. Anayeuliza tu "ni kidole tumbo au sicho?" anaweza kupata jibu sahihi la swali lisilo sahihi. Swali lenye maana ni hili: mzee huyu anahitaji daktari wa upasuaji leo, na kwa sababu gani?

Yasiyongoja uchaguzi

Kuna mambo hufanywa kwa njia zote nne, na kuyaahirisha hadi "tujue kwanza" ni kosa. Mfungulie mshipa na umpe Ringa laktati au maji ya chumvi, mililita 250 kwa 250, kila baada ya kipimo sikiliza mapafu, kwani moyo uliochoka hufurika. Mtie mpira wa mkojo. Lengo ni nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, maana yake mzee wa kilo 60 atoe mililita 30 au zaidi. Akiwa na dalili za sumu ya maambukizi mwilini, anza antibiotiki, seftriaksoni gramu 2 na metronidazoli miligramu 500 za mshipani mara moja. Jentamaisini ifikirie mara mbili, figo za mzee aliyekaukiwa maji haziipendi. Diklofenaki iache kabisa kwa sababu hiyo hiyo.

Maumivu yatulizwe. Ile dhana ya zamani kwamba dawa ya maumivu "itaficha ugonjwa" imeshachunguzwa na haikusimama. Mofini miligramu 2 hadi 3 taratibu mshipani, ukarudia ukiona haja, humfanya mzee alegeze tumbo, na uchunguzi huwa bora zaidi.

Nyumbani nako kuna la kuzuia: sanamaki, mafuta ya mbarika, bomba la kusafisha tumbo, na kukandwa. Yote haya huusukuma utumbo uliokwisha kuvimba. Ikiwa mzee keshapewa, jamaa aseme bila haya, na aseme saa ngapi, kwani kuharisha kwa dawa humpoteza daktari njia akadhani ni tumbo la kuendesha.

Njia ya kwanza: mkono, damu na kurudia uchunguzi

Hii ipo kila mahali na haihitaji boti. Inafanywa vibaya mara nyingi kwa sababu inaonekana nyepesi.

Maswali kwanza, na kwa lugha ya mzee. "Mzee, una maumivu ya tumbo?" haitoshi. Muulize: "Bibi, uchungu ulikushika lini, kabla ya alfajiri au baada? Ulianzia wapi? Ukikohoa unachoma? Ulipotapika, uchungu ulikuwa umeshaanza?" Katika kidole tumbo uchungu kwa kawaida hutangulia na kutapika hufuata. Akitapika kwanza kisha tumbo ndipo liume, fikiria pengine. Akisema ni ngiri, usicheke na usimkatalie. Huenda anayo kweli, na ndiyo iliyonasa.

Kisha mfunue kutoka chuchu hadi magoti. Kwa bibi, awepo muuguzi wa kike, na leso ifunike sehemu isiyochunguzwa. Ngiri ya paja kwa bibi mwembamba huwa ndogo kama kungumanga, na wengi wamefunguliwa tumbo pasipo haja kwa kuwa hakuna aliyetazama kinenani. Badala ya kubonyeza kwa nguvu na kuachilia ghafla, gonga taratibu kwa ncha ya kidole, au mwambie akohoe. Unapata habari ile ile bila kumtesa. Kidole kilicholala nyuma ya utumbo hakiumi kwa mbele, humfanya mzee akunje paja la kulia asitake kulinyoosha. Kilichoning'inia kwenye nyonga huleta mkojo wa mara kwa mara.

Vipimo vya kuandamana na mkono: chembe nyeupe na mchanganuo wake, CRP ikipatikana (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi), kriatinini ya kupima figo na chumvi za damu, sukari, himoglobini, mkojo, na kipimo cha umeme wa moyo kwa kila mzee mwenye maumivu ya tumbo, hata kama ameshika chini ya kitovu. Picha ya kifua pia, kwa ajili ya nimonia na hewa iliyotoroka chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo.

Mkojo unastahili tahadhari ya peke yake. Kidole kilichovimba kikigusa mrija wa figo au kibofu, chembe nyeupe huonekana kwenye mkojo. Mzee akapewa dawa za maambukizi ya mkojo, akarudi nyumbani, na siku ya tatu akaletwa tumbo gumu kama ubao. Chembe chache kwenye mkojo hazimwondoi mtu kwenye orodha ya kidole tumbo.

Wengi hutumia alama za Alvarado, zilizotolewa mwaka 1986. Uchungu uliohama hupata 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, kuuma ukibonyeza kulia chini 2, kuuma mkono ukiachiliwa 1, joto la 37.3 au zaidi 1, chembe nyeupe zaidi ya 10,000 hupata 2, na wingi wa neutrofili, aina moja ya chembe nyeupe, 1. Jumla ni 10. Kwa mzee zitumie kwa upande mmoja tu: zikiwa chini ya 5, kidole tumbo hakielekei kuwapo. Zikiwa 5 na kuendelea hazithibitishi kitu, zinakwambia tafuta picha. Huo pia ndio msimamo wa mwongozo wa mwaka 2019 wa madaktari wa upasuaji wa dharura kuhusu wazee. Na hata hizo chini ya 5 zisome kwa macho mawili ikiwa mzee anameza prednisoloni, inayoua dalili za tumbo, au amekunywa parasetamoli asubuhi. Atenololi na bisoprololi, dawa za presha na moyo, hazimo kwenye alama, lakini huzuia mapigo yasipande, nawe ukatulizwa na mapigo 78 ya mtu anayezama.

Njia hii inakosea zaidi pale inapofanywa mara moja. Nguvu yake imo katika kurudia: mtu yule yule, mkono ule ule, kila saa 4 hadi 6, na damu tena baada ya saa 6 hadi 12. CRP iliyokuwa 12 ikawa 90 imesema mengi kuliko namba yoyote ya mara moja. Mwilini haitozi kitu, ila saa. Hizo saa ndizo bei, kwa sababu kungojea saa 12 Lamu kunaweza kukuangusha kwenye usiku usio na usafiri. Inamfaa mzee mwenye dalili hafifu, aliye imara, ambaye yuko mahali penye daktari wa upasuaji au anaweza kufika hapo upesi akibadilika.

Njia ya pili: altrasaundi

Mashine hii imeenea, haina miale, haihitaji dawa ya mshipani, na inaweza kufanyiwa kitandani. Kwa kidole tumbo hutumika kichwa kilichonyooka cha masafa ya juu, na mpimaji hubonyeza pole pole, akiongeza nguvu kila akiisukuma hewa ya utumbo kando. Kidole kilichougua huonekana kama mrija usio na mwendo, wenye kipenyo cha zaidi ya milimita 6, usiobonyea, pengine una kijiwe ndani na mafuta yaliyong'aa kukizunguka.

Kwa mzee kuna mitego mitatu. Utumbo wake mara nyingi umejaa hewa kwa kufunga choo, na hewa ni ukuta kwa mashine hii. Pili, kidole kilichokwisha kupasuka hujimwaga kikanywea, mpimaji asikione. Tatu ni sentensi moja kwenye karatasi ya majibu: "kidole tumbo hakikuonekana". Hiyo haimaanishi kizima. Maana yake ni kwamba kipimo hakikujibu, basi. Tumeona ikisomwa kama ruhusa ya kwenda nyumbani, na kwa mzee ni mkasa unaongoja.

Lakini kwenye lile swali la pili, altrasaundi inalipa kwa namna ambayo wengi hawaiombi. Andika kwenye fomu: "tazama kidole tumbo, nyongo, figo zote mbili, kibofu, mshipa mkuu wa tumbo, na maji ndani ya tumbo." Dakika 10 zaidi. Mshipa mkuu uliopita sentimita 3 ni habari. Uliovimba sana kwa mzee anayeumwa ghafla na presha imeshuka ni dharura isiyo ya kidole tumbo kabisa. Figo iliyofura yaelekeza kwenye jiwe. Kibofu chenye nusu lita kwa mzee wa kiume mwenye tezi dume kinaweza kuwa ndicho chenyewe kinachouma, na mpira wa mkojo ukamaliza kesi. Ndiyo sababu kibofu kitazamwe kwanza, kimwagwe, kisha kidole tumbo kitafutwe.

Muda: nusu saa, mpimaji akiwapo. Ubora wote uko mkononi mwake, kwa hiyo uliza nani anapima, si mashine gani ipo. Inamfaa mzee mwembamba, mwenye figo dhaifu, aliye mbali na skani; na inamfaa kila anayepaswa kusafirishwa, ikiwa haitachelewesha boti. Ikionyesha kidole kilichovimba waziwazi, hakuna haja ya kumzungusha kwingine ila kwa shaka ya saratani. Isipoonyesha, safari haijafutwa.

Njia ya tatu: skani ya CT

Kwa usahihi ndiyo iliyo mbele; kwenye vituo vyenye uzoefu hupatia katika wagonjwa 95 hivi kwa 100. Kwa mzee faida yake kubwa si hata kidole tumbo chenyewe. Inaonyesha uvimbe wa saratani nyuma yake, jipu na ukubwa wake, utumbo uliokosa damu, mshipa mkuu, mawe, na hewa iliyovuja. Miale inayowatia watu hofu ni hoja kwa msichana wa miaka 15. Kwa mtu wa miaka 78 si sababu ya kuinyima.

Tatizo ni kuifikia. Kabla ya kuondoka piga simu: mashine inafanya kazi leo, mpigaji picha yupo, na nani ataisoma na kwa muda gani? Kutoka kisiwani Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen hadi Malindi, karibu kilomita 220. Mombasa ni 120 nyingine. Kwa anayetoka Pate, boti huvizia maji kwenye mkondo wa Mkanda, na wakati wa Kusi bahari ya nje si ya kumlaza mzee mgonjwa kwenye ubao. Barabara ya Mokowe hadi Garsen imewekewa vizuizi vya usiku mara kadhaa kwa sababu za usalama. Kwa hiyo mzee anayeamuliwa saa nane mchana ana nafasi ambayo wa saa kumi na mbili jioni hana. Malipo nayo: hakikisha usajili wake wa SHA, bima ya afya iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kitambulisho kiwe mfukoni mwa msindikizaji, si kabatini Shela.

Ombi liandikwe vizuri, maana hapa ndipo safari ya saa sita hupotea. Skani iwe ya tumbo na nyonga yote, toka kiwambo hadi mfupa wa kinena, vipande vya milimita 3 au chini, na dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, ikipigwa sekunde 70 hivi baada ya dawa kuingia. Dawa ya kunywa haina ulazima. Inakula saa moja au mbili na mzee anayetapika hainywi. Skani bila dawa ya mshipani bado ina thamani figo zikiwa mbaya, ila kwa mzee aliyekonda ni ngumu kuisoma, kwa sababu ni mafuta ya ndani yanayotenganisha kiungo na kiungo kwenye picha, naye hana. Ukidhani utumbo umekosa damu (maumivu makali kupita kile mkono unachokiona, moyo usio na mpangilio), liandike waziwazi, maana picha za mishipa hupigwa mapema zaidi.

Dawa hiyo huutoza mwili figo. Kiwango cha figo kuchuja damu kikiwa chini ya 30, pima faida na hasara na daktari wa picha, mpe maji kwanza. Metfomini ya kisukari isimamishwe kwa mwenye figo za namna hiyo, irudi baada ya saa 48 na kriatinini kupimwa tena. Lakini ikiwa swali ni la uhai, kriatinini ya 130 isiwe kisingizio cha kumwacha bila picha.

Inamfaa mzee aliye imara au aliyeimarishwa, mwenye alama 5 au zaidi, au mwenye jambo lisiloingia akilini: donge kulia chini, himoglobini iliyoshuka bila sababu, kupungua uzito, choo kilichobadilika miezi kadhaa. Kwa huyo wa mwisho kuingia na kisu bila picha ni kujitakia mshangao mezani.

Njia ya nne: kisu kwanza

Kuna mzee ambaye picha haimwongezei kitu. Tumbo zima gumu, presha inashuka, mikono baridi, amechanganyikiwa, mkojo umekatika. Huyo ana usaha umesambaa ndani, uwe umetoka kwenye kidole tumbo au kwingine, na kinachotakiwa ni kuufungua na kuusafisha. Kumpeleka skani ya mbali katika hali hiyo ni kumtafutia jina la ugonjwa badala ya tiba.

Kisu hujibu swali la pili kuliko vyote, kwa sharti kwamba mkato ni wa katikati. Mkato mdogo wa kulia unaotosha kwa kijana humtega daktari: akikuta ni utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, au saratani inayohitaji kukata nusu ya utumbo wa kulia, atalazimika kuchana upya. Kamera ya kupenyezwa tumboni ni nzuri pale ilipo na mtoa usingizi anayeizoea, kwani hewa inayojazwa tumboni hubana mapafu na kurudi kwa damu moyoni.

Gharama kwa mwili ni kubwa. Mzee aliyefunguliwa akakutwa na kidole kizima hakurudishiwa alichotozwa: nimonia, damu kuganda miguuni, kuchanganyikiwa wiki nzima, moyo kulemewa. Ndiyo maana tunaipinga kama njia ya kuondolea shaka kwa mzee aliye imara. Kabla ya meza: saa moja hadi tatu za maji na antibiotiki, mpira wa puani, damu ya akiba imelinganishwa, na jamaa waulizwe kuhusu dawa za kulainisha damu. Mzee "wa presha" anaweza kuwa anameza wafarini ambayo hakuna aliyeitaja.

Inamfaa mwenye dalili za tumbo zima, aliye karibu na chumba cha upasuaji chenye mtoa usingizi na kitanda cha uangalizi. Bila hivyo viwili, upasuaji wenyewe unaweza kufaulu na mgonjwa akapotea usiku wa pili.

Hali kwa hali

Mzee yuko mjini Malindi, imara, maumivu ya siku moja kulia chini, alama 6: damu na altrasaundi asubuhi hiyo hiyo. Ikijibu, kwa daktari wa upasuaji. Isipojibu, skani siku hiyo hiyo, Malindi, Kilifi au Mombasa, kulingana na simu uliyopiga. Kumlaza "tuone kesho" ni kupoteza bure kitu ambacho wa Kiunga hana.

Yuko kisiwani Lamu, imara, dalili hafifu, alama 3, mchana: mkono na damu katika hospitali ya King Fahd, altrasaundi, kurudia baada ya saa 4. Lakini uamuzi wa kusafiri upewe saa ya mwisho, mathalani saa nane mchana, ukihesabu nyuma kutoka kwenye giza. Ikifika na shaka ingalipo, asafiri akiwa bado mzima wa kutosha kusafiri.

Yuko Pate au Ndau, ana dalili zozote za tumbo na umri umepita 65: usimsubirishe zahanati kwa ajili ya alama. Mpe dozi ya kwanza ya antibiotiki, dripu, dawa ya maumivu, na boti iondoke na maji yaliyopo.

Ana donge kulia chini lililokaa zaidi ya siku tano, anakula kidogo, hana sumu mwilini: skani kwanza, si kisu. Likiwa jipu, antibiotiki na kutoboa kwa sindano kwa msaada wa picha kunaweza kutosha. Akipona, wiki 6 hadi 8 baadaye utumbo mpana utazamwe kwa kamera, kwani saratani hujificha hapo. Miadi hiyo ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa kuwa mzee anajihisi amepona. Iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na mtoto mmoja atajwe kuwa mwenye jukumu nayo.

Tumbo gumu lote, namba ya juu ya presha iko chini ya 90: chumba cha upasuaji kilicho karibu zaidi chenye mtu wa kukitumia, baada ya maji na antibiotiki. Ikiwa hakipo, ndege ya dharura au barabara, lakini kwa barua yenye saa: uchungu ulianza lini, alikula na kunywa nini mara ya mwisho, dawa zote na dozi, antibiotiki imeingia saa ngapi, mkojo mililita ngapi tangu mpira, presha na mapigo ya kila saa. Barua isemayo "maumivu ya tumbo, tafadhali msaidie" humfanya daktari wa huko aanze upya.

Na yupo mzee anayesema hasafiri, anataka alazwe kitandani kwake. Kwanza hakikisha ni yeye anayesema akiwa na akili timamu, si homa, na si mtoto anayehofia gharama. Mweleze mbele ya watu wake kwamba antibiotiki za mshipani peke yake huwatuliza baadhi ya wagonjwa wa kidole tumbo kisichopasuka, na kwamba kwa umri wake nafasi ya kushindwa ni kubwa. Akishikilia, angalau alazwe kituo kilicho karibu, apate seftriaksoni na metronidazoli, aguswe tumbo kila saa 6. Baada ya saa 24 hadi 48 uchungu uwe umepungua, mapigo yameshuka, anaomba uji. Ikiwa sivyo, aulizwe tena, kwa upole na kwa maneno yale yale. Wazee wengi waliokataa usiku hukubali kukipambazuka, na boti ya asubuhi iwe imeshazungumziwa.